Nywele za Wanawake wa Masara

Inspekta Nyamhanga alimfunga Elkana Obare pingu mlangoni pa kanisa. Hakuna aliyemtuma amkamatie pale. Angeweza kumngoja barabarani, au kumfuata nyumbani akishakula, lakini ilikuwa Jumamosi, jua lilikuwa kali, na mlangoni pa kanisa mtu hana pa kukimbilia. Waumini walikuwa wakitoka wakipeana mikono. Elkana, shemasi wao, alisimama pembeni akipokea vitabu vya nyimbo. Nyamhanga akapaza sauti kwamba anamkamata kwa wizi. Mzee akanyoosha mikono yote miwili, vitabu vikaanguka, mke wake akainama kuviokota kimoja kimoja mbele ya watu.

Ukiitazama haraka, kesi haikuwa ngumu. Chuo kikuu kimoja cha binafsi cha Nairobi, kinachojisifu kwa utafiti, kilikuwa na kituo chake pembeni mwa mji wa Homa Bay. Ilikuwa nyumba moja yenye maabara ndogo, na wanafunzi wa shahada za juu walikaa humo wakikusanya data zao. Ijumaa jioni mtu alifungua stoo ya kituo kwa ufunguo, akabeba sanduku la bahasha, akaacha mlango wazi. Ndani ya bahasha hizo mlikuwa na nywele za wanawake wanaosafisha dhahabu kwa zebaki kule Masara, upande wa Migori. Nywele zilikatwa kisogoni ili chuo kijue kama ile sumu imewaingia mwilini. Mwizi hakugusa kompyuta wala hadubini.

Elkana ndiye aliyekuwa mlinzi wa kituo, na ufunguo ulikuwa wake. Mke wake alizaliwa Masara. Tena Elkana alipoulizwa alikuwa wapi Ijumaa jioni, alisema hakutoka langoni, na kumbe nusu ya kanisa ilimwona akiimba kiti cha mbele wakifungua Sabato. Nyamhanga akajumlisha: hata kama aliimba, kabla au baada ya ibada angeweza kufungua stoo. Wanawake wale wamesikia maneno ya uchawi, wanataka nywele zao zirudi, mke amemtuma mume. Mkubwa wake alisema hesabu hiyo imekaa sawa.

Jumapili asubuhi hesabu ilianza kuyumba. Nyamhanga alishuka seli kumwandaa mshukiwa kwa mahakama ya Jumatatu. Elkana hakuuliza habari za wakili wala dhamana. Aliuliza kama inspekta anajua siku ambayo baraza la kanisa hukaa. Akaeleza kwa upole kwamba shemasi akifikishwa kortini kwa wizi, jina lake husomwa mbele ya waumini Sabato inayofuata, na kazi yake anapewa mwingine.

"Jela nitatoka, afande," alisema. "Pale mbele sitarudi tena."

"Kwa nini ulidanganya?"

Mzee alitazama miguu yake. Viatu vilikuwa havina kamba, zilikuwa zimechukuliwa mapokezi. "Nimeajiriwa kulinda lango, nikaliacha nikaenda kuimba. Uliponiuliza, mdomo ulijibu kabla yangu. Kisha nikaona aibu kuurudisha."

Kando yake palikuwa na chupa ya uji. Alisema ameletewa asubuhi na mapema na Terry, yule mwanafunzi aliyeripoti kwamba nywele za utafiti wake zimeibwa. Nyamhanga aliitazama ile chupa kwa muda. Kwa miaka yake yote kazini hakuwa ameona mtu aliyeibiwa akimletea mwizi wake uji.

Kwenye kituo cha chuo aliwakuta wanafunzi wawili tu. Terry Mokua, binti mrefu wa Oyugis mwenye sauti ya chini, ndiye mwenye utafiti wa nywele. Bonface, kijana wa Magunga, alikuwa akifanya utafiti wake wa samaki. Mpishi alikuwa amemnong'oneza Nyamhanga kwamba wawili hao walizozana vikali siku za karibuni kuhusu hizo bahasha. Kwa hiyo Nyamhanga alianza na Bonface, akambana. Kijana alijikanyaga. Alisema mara alikuwa Magunga kwa mama yake tangu Alhamisi, mara Ijumaa. Kwa kila swali alitazama dirishani kwanza. Lakini simu aliyopigiwa chifu wao ilithibitisha kwamba Ijumaa jioni kijana alikuwa Magunga kweli, kwenye mazishi ya jirani, na watu walimwona akichota maji. Kama alikuwa na lake moyoni, halikuwa la kubeba sanduku.

Ufunguo nao haukuwa siri. Wa akiba ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliyelala pale aliujua. Terry alisema Ijumaa jioni alikuwa chumbani mwake akisikiliza muziki, hakusikia kitu.

Nyamhanga akatoka nje akazunguka ua. Jirani, mama mmoja mwenye maneno, alikuwa akianika nguo, na hakungoja kuulizwa. Alilalamika kwamba hawa watoto wa chuo ni wachoyo. Ijumaa jua likizama walichoma kichwa cha mbuzi, harufu ya manyoya ikajaa nyumbani kwake mpaka watoto wakaacha chakula, na hata supu hawakuonjeshwa.

"Una hakika ni mbuzi?"

"Afande, kitu kingine kinanuka hivyo ni nini?"

Mpishi hakuwa kazini Ijumaa, na ndani ya friza hapakuwa na nyama yoyote. Nyamhanga akaliendea shimo la takataka nyuma ya choo, akachuchumaa, akapekua jivu kwa kijiti. Jivu lilikuwa laini na jeupe, la karatasi nyingi. Chini yake kijiti kikagonga kitu. Alikitoa akakipangusa kwenye nyasi. Kilikuwa donge jeusi, gumu, linalong'aa kama nailoni iliyoyeyuka, na nyuzi chache zikichomoza ubavuni.

Donge kama hilo alilijua. Mke wake akimaliza kusukwa, humpa kiberiti amchomee ncha za rasta, zile nywele za kuongezea, zisifumuke, na kila ncha huacha kitone kama hicho. Nywele za mtu zikiungua hazibakishi donge. Nywele za dukani huyeyuka.

Alilifunga donge kwenye kitambaa, akarudi ndani. Akamwomba Terry amweleze, kama mtu asiyejua lolote, jinsi nywele zilivyochukuliwa. Binti alijinyoosha akaeleza vizuri, kama aliyesimama mbele ya wanaomtahini. Mwanamke huketi, makasi hupitishwa karibu kabisa na ngozi ya kisogo, nywele ziwe zake mwenyewe. Mwenye nywele za kuongezea hachukuliwi.

"Hata mmoja hakuponyoka?"

"Hata mmoja. Niliwakata mwenyewe."

Alisema hivyo akimtazama usoni. Kisha macho yakashuka mpaka kwenye kitambaa mkononi mwake, yakakaa hapo.

Nyamhanga alitia kitambaa mfukoni, akatoka. Zilikuwa zimebaki njia mbili tu. Ama kilichochomwa shimoni si nywele za Masara, ama nywele za Masara hazikuwa za Masara. Akawasha gari akaelekea Migori.

Masara siku ya Jumapili haipumziki. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zikinguruma, na chini ya mabati wanawake walikuwa wameinama juu ya mabeseni wakikanda matope yenye zebaki kwa mikono mitupu. Wengi wao walikuwa wamejifunga leso za aina moja, buluu, zenye maua meupe. Mwenyekiti wao, Marcella, mwanamke mnene mwenye kucheka, alimpima kutoka kofia hadi kiatu na kumuuliza jina. Aliposikia ni Inspekta Nyamhanga, akawageukia wenzake.

"Mkuria. Jamani, ng'ombe wafungwe wasiibwe."

Walicheka, na Nyamhanga akacheka pia. Alisema leo hakuja na kamba, amekuja kwa habari ya nywele zao zilizoibwa kule Homa Bay. Kicheko kikazimika kama taa. Mmoja akakumbuka kwamba maji yamekwisha. Mwingine akamfuata kumsaidia kubeba mtungi mtupu.

"Nywele zetu zimeibwa," Marcella alisema polepole.

"Ndiyo. Na mume wa dada yenu yuko ndani kwa ajili hiyo."

"Elkana? Yule wa Sabato?"

Marcella aliosha mikono, akaifuta, akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari hadi shingoni, nene, hazijapita makasi siku za karibuni. Akainama amwonyeshe kisogo.

"Tazama vizuri. Palipokatwa ni wapi?"

Akaeleza, na sasa hakuwa akicheka. Pale mgodini mume akiwa shimoni, mke haguswi kichwa kwa makasi. Kichwa kinanyolewa mtu akizikwa. Ukikatwa nywele na yeye yuko chini ya ardhi, umemlilia kabla hajafa, na udongo ukimwangukia utawajibu nini ndugu zake? Yule binti wa chuo alikuja na makasi yake yanayong'aa, na barua, na maneno mazuri. Nyumba ya kwanza wakamkatalia, ya pili wakamkatalia, na ya tatu wakamfukuza. Aliketi pale kwenye jiwe akalia. Walimhurumia kama mtoto wao, wakampa chai, lakini nywele hapana. Baada ya siku kadhaa akarudi na leso, zawadi ambazo chuo kilikuwa kimewaandalia watakaokatwa. Alisema wachukue tu, asirudi nazo. Kama kuna atakayeuliza, waseme walikatwa.

"Mkachukua."

"Tukachukua."

"Na baadaye?"

"Baadaye profesa wao akaja kutoka Nairobi. Akasimama pale ulipo. Akatushukuru, akasema mashine imepima nywele zetu, ni safi, zebaki haijatuingia." Marcella alifunga tena kitambaa, akivuta fundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Tungesema nini, afande? Leso tulikuwa tumevaa."

Mlango wa pili kutoka hapo, ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dirisha, mwanamke kijana alikuwa akichoma dhahabu kwenye jiko la makaa, zebaki ikiruka kwa moshi, mtoto amelala mgongoni. Nyamhanga akamwita atoke. Akasema jina lake ni Robi, ameolewa hapo juzi juzi. Alieleza bila wasiwasi kwamba alipofika aliambiwa achomee nje, ila tangu profesa aseme hakuna hatari, ameanza kuchomea ndani kwa sababu ya upepo. Yeye leso hakupewa. Hakuwepo zilipogawiwa. Hakuna aliyemwambia siri yake.

Nyamhanga alimgeukia Marcella. Marcella alikuwa akitazama mashine. Hatimaye alikwenda mwenyewe, akashika lile jiko kwa leso yake ya buluu, akalitoa nje, akalitua mbali na mlango. Hakumtazama Robi alipokuwa akipita.

Barabarani kurudi, Nyamhanga hakuwasha redio. Alimpigia Bonface akamuuliza jambo dogo tu, Terry husukwa wapi. Kijana akajibu kwa mama yake, Oyugis, ana saluni karibu na soko. Nyamhanga akapita Rongo akashika njia ya Oyugis.

Jerusha Bitutu, mama yake Terry, hufunga Jumamosi kwa sababu ya Sabato, kwa hiyo Jumapili saluni yake hujaa. Wateja walikuwa wamebanana kwenye benchi. Juu ya kioo ilitundikwa picha ya Terry amevaa joho la shahada ya kwanza. Nyamhanga alisema ametoka Homa Bay, anamjua Terry kutoka kituoni, amepita kusalimu. Hakusema kazi yake. Kwa kuwa alikuwa na nguo za nyumbani, mama hakuuliza. Alimsukumia kiti, akamletea soda, na kabla hajaifungua alikuwa ameanza.

"Huyu ni mwalimu wake," akawatangazia wateja, na Nyamhanga hakuwahi kukanusha. "Hawa wote unaowaona, baba, nywele zao zimefika Nairobi. Mashine imezipima."

"Zangu zilikuwa na mba," mteja mmoja alisema, na wenzake wakacheka. "Ilipima na mba?"

Jerusha alisimulia huku vidole vyake vikiendelea kusuka. Terry alikuja siku moja, hana raha, hali chakula. Akaomba nywele zinazofagiliwa. Mama akaambiwa ni za utafiti, basi akafunga mlango mapema, wakaketi sakafuni wawili kama zamani walipochambua mchele. Mtoto alimwonya asichanganye nywele za dukani, azitoe zote. Mama alijitahidi, ila macho yake siku hizi si mazuri. Labda chache zilipita.

"Zimesaidia?" aliuliza, na vidole vikasimama.

Nyamhanga alikuwa na soda mdomoni. Aliimeza kwanza.

"Zimesaidia, mama."

Chupa aliiacha chini ya kiti, ikiwa nusu.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa alipoingia kituoni. Terry alikuwa mezani na kompyuta imefungwa mbele yake. Nyamhanga akaketi, akafungua kitambaa, donge likakaa katikati ya meza. Njiani alikuwa amepanga maswali, moja la kumbana, lingine la kumtega. Hakuyauliza.

"Mama yako amenipa soda," alisema.

Terry hakulia mara moja. Alilitazama donge, akaligusa kwa kidole, kama mtu anayehakikisha ni lenyewe. Kisha akaeleza yote kwa ile sauti yake ya chini. Mbele ya wenzake Nairobi, kwenye semina, profesa alikuwa amesema nywele ni kitu rahisi, hakuna anayemnyima mtu nywele. Wote wakaandika. Yeye alipofukuzwa nyumba ya tatu, alimpigia profesa simu akasema kazi inakwenda polepole. Akajibiwa kwamba wenzake wameshamaliza, na kama hawezi kupata kitu ambacho kinyozi hukitupa, labda shahada hii si yake. Maneno ya kinyozi ndiyo yaliyomtuma Oyugis. Alidhani matokeo yatakaa kabatini pamoja na tasnifu, hakuna atakayeyasoma. Hakujua profesa atakwenda kuwasomea wanawake. Hapo Bonface, aliyejua siri yake, alianza kumgombeza. Kisha chuo kingine kikatilia shaka nywele safi hivyo kutoka mgodini, kikataka bahasha zipimwe upya. Profesa angezifuata Jumatatu.

Aliona Elkana ameondoka langoni, akachukua ufunguo wa jikoni.

"Nilidhani mtasema ni wanawake wa Masara, na hamtampata yeyote. Sikumfikiria yeye."

"Ulipomwona mlangoni pa kanisa?"

"Niliambiwa. Sikuwepo. Nilimpelekea uji. Alikunywa?"

"Alisema alikuombea kwanza. Kisha akanywa."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa mezani.

Bonface alikuwa mlangoni, hawajui amesimama tangu lini. Alisema bila kuulizwa kwamba habari ya makasi aliijua. Wajomba zake wako mashimoni. Siku ile ya semina alikuwa ameketi nyuma, na profesa aliuliza kama kuna mwenye swali.

"Mbona hukusema?"

"Afande, pale wote wanaongea Kiingereza cha mashine. Mimi nisimame niseme mama zetu wanaogopa makasi?" Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Niliona haya."

Nyamhanga alikusanya donge lake. Akamwambia Terry avae viatu, wataandika taarifa ofisini. Binti akasimama. Mlangoni aliuliza kitu kimoja tu, kama mama yake ameshajua.

"Bado. Anadhani mimi ni mwalimu wako. Utamwambia wewe, na hilo la mwalimu nitalirekebisha mwenyewe."

Jumatatu asubuhi, kabla gari la mahakama halijaja, Elkana alirudishiwa kamba za viatu. Terry alifunguliwa jalada la kutoa habari za uongo kwa polisi, akaachiliwa kwa dhamana ya polisi. Katikati ya wiki alikwenda Masara na Bonface, profesa akiwa nyuma yao amebeba koti mkononi. Terry akawaambia wanawake kwa mdomo wake kwamba nywele zile hazikuwa zao, na kwamba hakuna ajuaye kama wako salama. Inasemekana Marcella ndiye aliyemwita Robi aje asikie, akamweka mbele.

Lakini Jumatatu ile Elkana hakuondoka. Alifunga kamba taratibu, akakaa tena kwenye benchi la mapokezi. Nyamhanga akamwambia yuko huru. Mzee akasema anajua. Akasema pia kwamba akitembea hadi nyumbani sasa, watu watamwona ametoka, lakini hawataona kwa nini.

"Ulinichukua mlangoni," alisema. "Unirudishe mlangoni."

Jumamosi Nyamhanga alivaa sare, ingawa haikuwa zamu yake. Alisimama pale pale, jua lile lile. Nyimbo ziliisha, mlango ukafunguliwa, waumini wakaanza kutoka wakipeana mikono, na walipomwona mikono ikaachana. Elkana alitoka wa mwisho na mke wake. Akawatangulia wengine kusema. Alisema Ijumaa ile aliacha lango lake, akamdanganya afisa, na hilo ni kosa lake, baraza limpime kwa hilo. Kisha akamgeukia Nyamhanga akangoja.

Nyamhanga alivua kofia. Alisema kwamba huyu mzee hakuiba kitu. Alisema yeye ndiye aliyekosea, na mahali pa kumkamata alipachagua mwenyewe. Alipomaliza, watu wa mbele walikuwa wakitikisa vichwa, wa nyuma walikuwa wakinyoosha shingo.

Elkana hakusogea.

"Hawa wa nyuma hawajasikia, afande," alisema. "Siku ile walisikia wote."

Nyamhanga akajaza kifua, akaanza upya.